Colin Chapman: Jamaa aliyepunguza kilo ili uendeshe ukitabasamu

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha kwenye baze yoyote ya wapenda magari hapa Nairobi, uliza swali moja: gari gani la spoti linamfaa mtu atakayeliendesha kila siku? Wa kwanza atasema Subaru WRX STI. Wa pili atasema Golf GTI. Wa tatu atataja Porsche 911, hata kama hajawahi kukalia kiti chake. Ndani ya dakika tano kila mtu atakuwa anahesabu nguvu za farasi, turbo na mlio wa egzosi.

Colin Chapman angewauliza kitu kingine kabisa: gari lenyewe lina kilo ngapi?

Mwingereza huyu, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, aliaga dunia mwaka wa 1982. Aliunda magari madogo yaliyoyaaibisha magari ya matajiri kwenye kona, timu yake ikabeba mataji saba ya watengenezaji katika Formula One, na akafa akiacha nyuma kashfa ya mamilioni ya dola. Maisha yake yana somo kwa yeyote anayeweka akiba ili anunue gari la kujibamba nalo. Yana onyo pia, na onyo lenyewe si dogo.

KIJANA WA BAA YA STESHENI

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa Mei 19, 1928, huko Richmond, pembeni mwa London. Baba yake alisimamia Railway Hotel, baa iliyokuwa mtaa wa Hornsey kaskazini mwa jiji, na huko ndiko alikokulia. Vita Vikuu vya Pili vilipoisha, alikuwa University College London akisomea uhandisi wa miundo, ule wa majengo na madaraja.

Lakini kijana alikuwa na hasla yake pembeni. Wakati huo, barabara ya Warren Street jijini London ilikuwa kama yadi za Ngong Road: magari ya mitumba yamepangwa, madalali wamejaa, pesa inabadilisha mikono. Chapman na rafiki yake walinunua magari yaliyochoka, wakayarekebisha, wakayauza. Faida ikaanza kuonekana.

Halafu mambo yakageuka. Petroli bado ilikuwa ya mgao kwa sababu ya vita, na mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ikafuta mgao wa kawaida wa wenye magari ya kibinafsi. Nani atanunua gari asiloweza kulitia mafuta? Bei zikaanguka. Chapman akauza alichoweza kwa hasara, faida yote ikayeyuka, akabaki na mkweche mmoja usiotakiwa na mtu: Austin Seven, injini ya cc 747.

Badala ya kuutupa, aliuvua bodi. Kazi hiyo aliifanyia kwenye gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake, Hazel Williams. Akaunda bodi mpya kwa plaiwudi iliyofunikwa na bati la alumini, akiiga jinsi ndege zinavyojengwa. Ujanja wa ndege hakuutoa mbali, kwa kuwa alikuwa kwenye kikosi cha wanafunzi marubani na alijua kurusha ndege. Mwaka wa 1948 gari likakamilika, akaanza kushindana nalo kupanda vilima vya matope. Likaitwa Lotus, yaani yungiyungi.

Chuoni, mtihani wa mwisho wa hesabu ulimwangusha. Mwaka huo wenzake walipovaa majoho, yeye hakuvaa. Aliurudia mwaka uliofuata ndipo akapata digrii yake. Sisi tuliotoka chuo kabla ya joho tunaweza kutabasamu kidogo hapo, ila tukumbuke kwamba yeye alirudi kuumaliza.

Baada ya muda mfupi katika jeshi la wanahewa, aliajiriwa kama mhandisi na kampuni ya British Aluminium. Mchana aliuza akili yake kwa mwajiri. Usiku alichomelea chuma. Januari 1, 1952 akafungua kampuni yake rasmi kwenye zizi la zamani la farasi, nyuma ya baa ya baba yake. Mtaji wa kuanzia ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel. Walioana mwaka wa 1954, kwa hivyo sijui kama deni hilo lilihesabiwa tena.

HESABU YA KILO

Ili kuelewa Chapman alikuwa akifanya nini, hebu tulielewe gari kidogo.

Ukiongeza nguvu ya injini, unafaidika mahali pamoja: barabara iliyonyooka, ukikanyaga mafuta. Injini kubwa huja na uzito wake. Inataka gia nzito zaidi, breki kubwa zaidi, tairi pana na tangi kubwa la mafuta. Vyote hivyo vinaongeza kilo, halafu unahitaji nguvu zaidi kuvibeba.

Ukipunguza kilo, unafaidika kila mahali. Gari linachomoka haraka kwa injini ileile. Linasimama kwa umbali mfupi. Kwenye kona tairi hazisukumwi nje sana, kwa hivyo linashika lami vizuri. Usukani unakuwa mwepesi, na unaihisi barabara mikononi. Petroli inadumu, breki na tairi hazilikwi haraka. Kwa mtu anayeendesha kila siku, hizo ndizo raha zenyewe.

Chapman alitaka pia kila kipande cha gari kifanye kazi zaidi ya moja. Kama bodi inaweza kubeba uzito, chasi ya nini? Kama injini inaweza kushikilia magurudumu ya nyuma, fremu ya nyuma ya nini?

Mwaka wa 1957 alitoa magari mawili yaliyoonyesha fikra hiyo. La kwanza ni Lotus Seven, gari lililovuliwa karibu kila kitu. Halikuwa na milango ya maana wala paa la maana, na uzito wake ulikuwa kama kilo 500. Injini ya toleo la kwanza, iliyotoka Ford, ilikuwa na nguvu za farasi 40 pekee. Uliweza kulinunua likiwa vipande ukalifunga mwenyewe nyumbani, na kwa njia hiyo ukakwepa ushuru ambao serikali iliyatoza magari mapya. Vijana wenye mishahara midogo wakapata gari la spoti wikendi moja baada ya nyingine, spana mkononi.

La pili ni Elite, gari zuri la kufunikwa ambalo bodi yake ya fibaglasi ndiyo iliyokuwa chasi. Injini ilikuwa ya cc 1,216, lakini Elite ilishinda katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mara sita mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1964. Uwanjani lilisifiwa, ila kwenye vitabu vya hesabu lilikuwa balaa. Kila Elite iliyouzwa iliitia kampuni hasara.

ELAN DHIDI YA WAKUBWA

Jibu la hasara hiyo lilikuja mwaka wa 1962, na kwa maoni yangu ndilo gari bora zaidi alilowahi kuuza Chapman. Liliitwa Elan. Aliyesimamia uundaji wake ni Ron Hickman, kijana aliyezaliwa Greytown, Afrika Kusini, ambaye baadaye alitajirika kwa kubuni meza ya fundi inayokunjika, ile Workmate.

Elan ilikuwa na uti wa mgongo wa chuma katikati na bodi ya fibaglasi juu yake. Injini ilikuwa ya cc 1,558, nguvu za farasi 105 hivi. Breki za diski zilikuwa kwenye magurudumu yote manne, jambo ambalo magari mengi ya wakati huo hayakuwa nalo. Uzito haukufika kilo 700.

Sasa tulinganishe. Jaguar E-Type, iliyotoka mwaka wa 1961, ilikuwa na injini ya lita 3.8, nguvu za farasi 265, na uzito wa kilo 1,200 na ushei. Porsche 911 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa 1964, ilikuwa na nguvu 130 na uzito wa kilo 1,080. Kwa kila tani moja ya gari, Jaguar ilikuwa na zaidi ya farasi 200, Elan kama 150, Porsche 120.

Kwa hiyo Jaguar inashinda? Kwenye barabara iliyonyooka, ndiyo, na kwa mbali. Lakini ni wapi utapata barabara ya kuendesha Jaguar kwa kasi yake kamili ukienda kazini? Nguvu nyingi za gari kubwa hukaa bure kila siku, na wewe unaendelea kuzilipia kwa petroli na tairi. Elan ilikuwa tamu hata kwa mwendo wa kawaida, kwenye njia nyembamba za mashambani. Hukuhitaji kuvunja sheria ndipo ujisikie uko hai.

Porsche nayo ilikuwa na lake la kusema. Ilikuwa na viti vidogo vya nyuma, ilikuwa imara, na asubuhi ya baridi uliamini kwamba ingewaka. Elan ilikuwa na visanga vyake. Taa za mbele ziliinuliwa kwa nguvu ya hewa, na hewa ikivuja zilisinzia. Wenye Lotus walizoea kutembea na spana. Ukitaka raha tupu, unachukua Elan. Ukitaka raha na amani ya akili, Porsche ilikuwa na hoja nzito. Mabishano hayo yapo mpaka leo, na yote mawili ni majibu ya haki.

KOFIA HEWANI

Pesa za magari ya barabarani zililisha mapenzi yake makubwa, yaani Formula One. Timu yake iliingia mwaka wa 1958. Mwaka wa 1962 akaleta Lotus 25, gari lisilokuwa na fremu ya mabomba kama mengine. Mwili wake ulikuwa ganda moja la alumini, jepesi na gumu, na dereva alilala ndani yake kama mtu aliye kitandani. Wapinzani walilazimika kuiga.

Dereva wake alikuwa Jim Clark, mkulima mpole kutoka Scotland. Wawili hao walielewana ajabu. Clark alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1963 na tena 1965, mwaka ambao pia alishinda Indianapolis 500 kule Marekani na kuwa wa kwanza kuishinda enzi hiyo kwa gari lenye injini nyuma. Mbio 25 za Formula One alizoshinda maishani, zote alishinda akiwa ndani ya Lotus. Kila gari lake liliposhinda, Chapman alikimbilia kando ya barabara na kurusha kofia yake nyeusi hewani.

Mawazo yaliendelea kumiminika. Lotus 49 ya mwaka wa 1967 ilitumia injini yenyewe kama sehemu ya mwili wa gari, na ikashinda mbio zake za kwanza kabisa kule Zandvoort, Uholanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akatumia hewa inayopita chini ya gari kulivuta lishike lami, na Mario Andretti akawa bingwa wa 1978.

BEI YA WEPESI

Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito.

Kipande cha gari la Chapman kilitengenezwa kiwe na nguvu za kutosha, basi. Ziada ilikuwa uzito, na uzito ulikuwa adui. Shida ni kwamba katika mbio, anayejua cha kutosha ni kiasi gani mara nyingi hujua baada ya kipande kukatika.

Aprili 7, 1968, Jim Clark alikufa kule Hockenheim, Ujerumani, gari lake lilipotoka barabarani na kugonga miti. Chapman alivunjika moyo. Alikuwa amempoteza rafiki wa karibu. Mwaka uliofuata, kwenye mbio za Barcelona, mabawa marefu ya nyuma yalivunjika katika magari yake yote mawili. Graham Hill na Jochen Rindt waligonga vibaya, wakanusurika.

Rindt, kijana kutoka Austria, alimwandikia bosi wake barua. Ombi lake lilikuwa la kawaida sana: sehemu dhaifu ziimarishwe, hata kama gari litaongezeka kilo chache. Alikuwa tayari kuwa polepole kidogo ili arudi nyumbani.

Septemba 5, 1970, akifanya mazoezi huko Monza, Italia, gari la Rindt lilimponyoka alipokuwa akifunga breki kabla ya kona ya Parabolica. Uchunguzi ulisema shafti ya breki ya mbele ilikatika, na kwamba vizuizi vya pembeni vilivyofungwa ovyo ndivyo vilivyogeuza ajali kuwa kifo. Alikuwa na pointi nyingi kiasi kwamba hakuna aliyemfikia mwaka huo. Mpaka leo ndiye dereva pekee wa Formula One aliyetawazwa bingwa akiwa kaburini.

Si haki kumlaumu Chapman peke yake. Miaka hiyo viwanja vilikuwa vya hatari na karibu kila timu ilizika madereva. Hata hivyo, barua ile ilikuwepo, na aliyeipokea alikuwa na uwezo wa kuongeza kilo mbili tatu.

PESA ZA BELFAST

Miaka ya 1970 Chapman alitaka kuacha magari ya kufunga nyumbani na kukimbizana na Ferrari na Porsche. Ushuru mpya wa mwaka wa 1973 ulikuwa umeshaziba ule mwanya wa magari ya vipande, kwa hivyo aliuza haki za Lotus Seven kwa kampuni ya Caterham. Akatoa Esprit, kabari ya kuvutia iliyochorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, na mwaka wa 1977 filamu ya James Bond ikaipeleka mpaka chini ya bahari. Umaarufu ukapanda. Mauzo ya magari na hali ya pesa havikupanda nao.

Ndipo akaja Mmarekani John DeLorean. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa mamilioni ajenge kiwanda karibu na Belfast, mahali palipokuwa na vita na ukosefu mkubwa wa ajira. Lotus ilipewa kazi ya uhandisi. Malipo, hata hivyo, yalipitia kampuni iliyosajiliwa Panama na kuendeshwa kutoka Geneva, na zaidi ya dola milioni 17 hazikufika zilikotakiwa. Kampuni ya DeLorean iliwekwa chini ya mrasimu mwanzoni mwa 1982, na wafanyakazi wa Belfast wakabaki bila kazi.

Desemba 16, 1982, kabla ya maswali kumfikia kikamilifu, Chapman alifariki kwa mshtuko wa moyo nyumbani kwake Norfolk. Alikuwa na umri wa miaka 54. Siku hiyohiyo timu yake ilikuwa uwanjani ikijaribu wazo jipya, mfumo wa kompyuta wa kudhibiti springi za gari. Miaka kumi baadaye, mhasibu wake wa siku nyingi, Fred Bushell, alifungwa miaka mitatu kwa sakata hiyo. Jaji alisema kama Chapman angekuwa hai, angestahili angalau miaka kumi.

ALICHOTUACHIA

Wahandisi wa Mazda walipotaka kuunda gari dogo la wazi la bei nafuu, waliisoma Elan kwa makini. Wakatoa MX-5 mwaka wa 1989, na kufikia 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Caterham bado inaunda Seven. Lotus yenyewe ilirudi kwenye mafundisho ya mwanzilishi mwaka wa 1996 ilipotoa Elise, gari la kilo 725 lenye chasi ya alumini iliyogundishwa kwa gamu.

Na hapa kuna kitu cha kuwaambia wale wa baze. Elise S ya mwaka wa 2006 ilitumia injini ya Toyota ya cc 1,800 inayoitwa 1ZZ. Fundi yeyote wa Grogan anaijua. Ni ileile iliyo ndani ya Toyota Wish na Premio za 1.8 zinazobeba familia na wateja wa teksi kila siku. Ndani ya Wish, injini hiyo ni ya kwenda harusini. Ndani ya gari la kilo 860 hivi, ikawa ya kukufanya utafute njia ndefu ya kurudi nyumbani.

Leo Lotus inamilikiwa na Geely ya China, na inauza Eletre, gari kubwa la umeme lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu. Ukilipanga mizani, ni Elan tatu na nusu.

Kwa hivyo ukiwa na akiba na unataka gari la spoti la kila siku hapa Kenya, ambapo kasi ya juu kabisa kisheria ni kilomita 110 kwa saa na matuta yako kila kona, fanya hesabu ya Chapman kwanza. Suzuki Swift Sport ya turbo, gia za mkono, ina kilo 970. Mazda Roadster ya cc 1,500 nayo ina kilo 990. Subaru STI ina karibu 1,500, na utaulipia uzito huo kila ukiingia kituo cha mafuta. STI itawaacha wote kwenye barabara iliyonyooka. Lakini barabara iliyonyooka ndiyo inayotuzika.

Halafu kumbuka barua ya Rindt. Toa redio kubwa, toa spika za buti, toa rimu nzito, toa makorokoro yote. Usikate springi ili gari likae chini. Usinunue tairi zilizokwisha ati kwa sababu bado zina shepu. Usiahirishe breki mpaka mwisho wa mwezi, na mkanda uufunge hata kama unaenda dukani tu. Kilo za vitu hivyo, ziache zilipo.